Tupeane uzoefu: Kitabu gani cha maajabu au cha anga za juu kiko mkononi mwako wiki hii?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa sisi tunaoulizwa kila siku, "Mtu mzima na ndevu zako unasoma vitabu vya majini na roketi?" Sitaki orodha ya vitabu bora. Orodha kila mtu anayo, na nusu yake hajaisoma. Nataka kile kilichopo mkononi sasa hivi: umekipataje, unakisomea wapi, kimekufanya nini. Kama umekitupa katikati, sema pia.

Naanza mimi. Nasoma Walenisi cha Katama Mkangi, cha 1995. Nilikikuta Nairobi kwenye vitabu vya kutandikwa chini, vile ambavyo wenyeji wanaita "inama", maana huwezi kuchagua bila kuinama. Mtu mmoja, Dzombo, anahukumiwa kifo, na namna ya kumwua ni kumtia kwenye chombo cha angani akapotelee huko. Hapotei. Anatua nchi inayoitwa Walenisi, isiyo na bwana wala mtwana. Likate hilo jina vipande vitatu uone mwandishi anamsema nani. Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini mwaka 1986, kwa hiyo mambo ya kufungiwa mlango hakuhadithiwa.

Sasa balaa. Nakala yangu imenyofoka mwisho. Nilikuwa nasoma kwenye daladala, nimezama kabisa, nafungua ukurasa unaofuata, nakutana na jalada. Nilipitiliza vituo viwili kwa hasira. Mwenye nacho kizima ajitokeze, tafadhali.

Mkulima wa Njombe

Mkuu pole. Huyo aliyekuuzia alijua.

Mimi nipo na The Martian cha Andy Weir, kwenye simu, naenda nacho taratibu kwa sababu ya umeme na kwa sababu ya Kiingereza. Jamaa ameachwa peke yake sayari ya Mars, wenzake wamedhani amekufa. Kwa bahati ni mtaalamu wa mimea, na kwenye chakula walichobeba kuna viazi vizima, vya kula sikukuu. Basi anavikata, anavipanda ndani ya banda lao, kwa mbolea ya choo chake mwenyewe.

Ninalima viazi mviringo mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo sura hizo nilizisoma kwa jicho la mwenye shamba. Kukata mbegu ukahakikisha kila kipande kina macho, sawa, hapo amenikosha. Maji anayatengeneza kwa kuchoma haidrojeni aliyoitoa kwenye mafuta ya chombo, nusura ajilipue. Hapo sina la kusema, mimi nasubiri mvua. Lakini wakuu, mmeona raha aliyonayo huyu bwana? Hana ukungu! Hana mnyauko! Masika nikichelewa kupuliza dawa siku chache tu, shamba linaungua majani kama limemwagiwa maji ya moto. Yeye shida yake ni kwamba hakuna hewa. Mimi nina hewa tele na viazi vinaoza. Nilimsomea mke wangu hapo jikoni, akauliza, "Na dalali anamnunulia kwa lumbesa au kwa kilo?"

Kingine kilichonivutia: kitabu hiki mwandishi alianza kukitoa bure, sura kwa sura, kwenye tovuti yake, na wasomaji wenye ujuzi wakawa wanamrekebisha hesabu zake. Ndiyo maana zimenyooka. Hapa kwetu ungeandika hivyo wangekurekebisha dini.

Mwana wa Mji wa Kale

Njombe umenichekesha hadi nimemwaga kahawa.

Mie niko na The House of Rust, wa Khadija Abdalla Bajaber. Ni wa kwetu Mombasa, na mwaka 2022 kitabu hiki ndicho kilichopewa tuzo ya Ursula K. Le Guin ilipotolewa mara ya kwanza kabisa. Msichana wa Kihadhrami, Aisha, babake mvuvi hakurudi baharini. Naye akatoka kumtafuta kwa chombo cha mifupa, mwenziwe ni paka mwenye elimu na maneno mengi.

Nilipoambiwa nilidhani ni vile vitabu vya watalii: mnazi, mchanga, buibui, basi. La. Nyumba zile nazijua. Maneno ya bibi mtu yale, ya kutaka mtoto aolewe atulie, nimeyasikia barazani kwetu kwa sauti ile ile. Ila kilichonibadilisha ni kunguru. Humo wana vikao na siasa zao. Sisi kunguru hapa ni adui, anaiba samaki, anaiba sabuni. Tangu nisome, akitua dirishani namsalimia. Mke wangu ameshawaambia mashemeji.

Sijamaliza. Nusu ya pili, yule mtoto ameshauona ukubwa wa bahari halafu inabidi arudi aishi na watu wasiouona. Hiyo nasoma kurasa mbili mbili. Niliwahi kuwa baharini miaka minne, najua.

Dada Mfasiri

Natafsiri nyaraka kwa kazi: vyeti, mikataba, maelekezo ya dawa. Jioni nasoma ya anga ili nipumzike, na wiki hii nimeshindwa kupumzika. Kisa ni Ancillary Justice cha Ann Leckie, cha 2013. Msimulizi zamani alikuwa meli, meli ya kivita yenye miili mingi. Sasa amebaki na mwili mmoja. Lugha ya kwao haitofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo anamwita kila mtu kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza. Akiwa nchi za watu wengine anahangaika: huyu nimwite mume au mke? Anachungulia nguo, nywele, anabahatisha, anakosea.

Niliona watu wakikisifu kwamba kimewapindua akili. Nikajaribu kutafsiri ukurasa mmoja kwa kujifurahisha. Jamani, ule mtego wote ulimezwa! "Alikuja, akaketi, akamtazama." Nani? Yeye. Mume au mke? Yeye. Kile ambacho Mwingereza anakisoma kama mapinduzi, bibi yangu Tanga alikuwa anakiongea akikuna nazi.

Nikarudi kwa Le Guin, The Left Hand of Darkness, cha 1969. Watu wa dunia ile ya baridi hawana jinsia ya kudumu. Mara moja kwa mwezi mtu anageuka huku au kule, na aliyekuwa baba mwaka huu mwakani anaweza kuzaa. Mwandishi aliwataja wote kwa kiwakilishi cha kiume, akalaumiwa, na baadaye mwenyewe akaandika kwamba alikuwa na la kujutia hapo. Nikawaza: angezaliwa Pangani asingepata lawama hiyo.

Ila msianze kujipongeza. Nilipofika kwenye salamu nikakwama. "Karibu…" karibu nani? Bwana? Bibi? Kaka? Kiwakilishi hakitusumbui, lakini hatuwezi kumkaribisha mtu ndani bila kuamua ni nani. Na yule mfalme mwenye mimba je, ni mfalme au malkia?

Mkulima wa Njombe

Dada, mpe shikamoo. Shikamoo haiulizi jinsia, inauliza umri tu.

Dada Mfasiri

Nimesimama nikapiga makofi peke yangu chumbani. Ila meli ya miaka elfu mbili ikinijibu "marahaba" nitazimia.

Niko Maskati

Salaam alaykum. Nimezaliwa Unguja, naishi Oman mwaka wa tisa.

Nasoma Dune ya Frank Herbert kwa mara ya pili. Ya kwanza nilisoma Zanzibar, nikaona ni hadithi ya mchanga. Hapa nimeisomea ndani ya mchanga wenyewe. Kazi yangu ni gari za kupeleka vifaa, na wakati mwingine tunalala kando ya jangwa la Wahiba. Kile anachosema, kwamba maji ni heshima ya mtu kabla ya kuwa kinywaji, kule mjini hukioni, lakini lori likikufia adhuhuri unakiona.

Kuna jambo wasomaji wa Ulaya wanaliendea kwenye faharasa mwishoni mwa kitabu, nasi hatuna haja. Wale watu wa jangwani wanamwita kijana mwenye hadithi Lisan al-Gaib. Lisani, ghaibu. Wanamwita Usul, usuli. Jina lake la mbele za watu ni Muad'Dib, mwenye adabu yake anasikia kuna adabu humo. Na Mahdi sina haja ya kuwafasiria. Nilisoma chuoni kwa maalim mkali wa Makunduchi, sikujua fimbo zile zilikuwa zinanitayarishia hadithi ya sayari nyingine.

Lakini nina kinyongo kidogo. Maneno yote hayo ameyachukua, kisha mwokozi anakuwa mtoto wa kabaila kutoka nje. Wapo wanaosema ndiyo hoja yenyewe, kwamba anatuonya tusiwafuate waokozi. Huenda. Usomaji wa pili umenisogeza upande huo, nusu.

Mwenyeji wa Nyeri

Kuhusu kuchukuliwa maneno: nimemaliza jana Kirinyaga cha Mike Resnick. Wakikuyu wamepewa sayari ya kutengenezwa waishi kama zamani, chini ya mundumugu, yaani mganga, mmoja aliyesoma Ulaya na Marekani akarudi kukataza kila kitu. Hadithi ya kwanza ilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za maajabu. Anajua kusimulia, hilo silipingi. Ile ya msichana anayejifunza kusoma kwa siri iliniuma. Lakini nilimpa mama asome, ana miaka 74. Akarudisha kesho yake: "Huyu hajawahi kukaa na wanawake wetu. Hakuna hata mmoja anayemjibu huyu mzee vizuri." Sina cha kuongeza.

Mtoto wa Ngomeni

Hodi. Mimi ni wa Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, kwa hiyo kwangu mambo ya roketi si ya vitabuni. Waliokulia huku wanajua ile mitambo ya Waitaliano, San Marco, iliyosimama kwa miguu baharini. Kuanzia 1967 ilirusha setilaiti. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Wamarekani ya kupima miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kuonyesha kwamba kuna kitu mfano wa shimo jeusi kule kwenye kundi la nyota la Cygnus. Baba alikuwa akivua upande huo. Anasema siku za kurusha waliambiwa wasisogee, na samaki nao walijua.

Sasa nasoma The Three-Body Problem cha Liu Cixin, tafsiri ya Ken Liu, iliyochukua Hugo mwaka 2015. Mwanamke aliyemwona baba yake akiuawa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni ya China anapelekwa kufanya kazi kwenye kituo cha antena mlimani. Siku moja anapokea jibu kutoka nyota nyingine: usijibu, ukijibu tutakuja. Naye anajibu.

Nilifunga kitabu nikatoka nje. Kuna antena kubwa kwetu, mnaziona hata kwa mbali usiku, zina taa nyekundu. Nimepita chini yake maisha yangu yote nikienda dukani. Usiku ule nilizunguka njia ya nyuma.

Wahusika kidogo wamekauka, nakubali. Wanafizikia wanaongea kama notisi ya ukutani. Lakini uamuzi ule wa kubonyeza kitufe nimeulizana nao wiki nzima. Ukishafanyiwa vile na watu wako, ungewalinda?

Mleta uzi

Mimi ningebonyeza. Halafu ningejuta kufika asubuhi.

Wa Pemba uko wapi? Mwezi uliopita uliniambia kwa simu kuhusu wachawi wa upepo.

Wa Wete

Nipo, nilikuwa nangoja boti. Ni A Wizard of Earthsea, cha Le Guin huyo huyo wa dada, cha 1968. Dunia yote visiwa. Mchawi akipanda chomboni kazi yake ni kuita upepo ujaze tanga. Na mtu ana jina la nje na jina la kweli. Wa kukwambia la kweli ni anayekuamini roho yake. Kijana mwenyewe si Mzungu, rangi yake ni ya shaba.

Watu wakisikia Pemba na uchawi wanacheka, nami nimechoka na mzaha huo. Kitabu hiki hakikunichekesha. Kijana anafungua mlango kwa kujionyesha mbele ya wenzake, kivuli kinatoka, kinamwinda kisiwa kwa kisiwa. Babu alikuwa nahodha wa jahazi, na hakupiga mbinja chomboni hata siku moja, eti upepo usidhani unaitwa kwa mchezo. Nilipokuwa mdogo niliona ni ushamba.

Boti imekuja.

Jirani wa Kilifi

Mleta uzi, Walenisi ninayo nzima, ilikuwa ya marehemu mjomba, ana maandishi yake ya penseli pembeni. Kuazima siazimi, usiniudhi. Ila nimepiga picha kuanzia pale karatasi zinapoanza kulegea hadi mwisho, nimekutumia. Ya penseli usiyajali, mjomba alikuwa anagombana na kila mwandishi.

Mleta uzi

Zimefika! Moja ina kivuli cha kidole lakini inasomeka. Na huyu mjomba pembeni ameandika "Uongo!" mara tatu kwenye ukurasa mmoja, nimeshampenda.

Nimezima taa ya sebuleni watu wadhani nimelala. Endeleeni, nitajibu kesho.