Petroli ya kuwafuata kina Haji

Kikundi: Baraza la Mnarani, Nungwi (watu 43)

19:48 Zuhura: Jamani salaam. Mashine ya Makame imekufa toka saa kumi na moja. Wapo wanne: Makame, Haji, Ussi na Vuai. Petroli ya kuwafuata lita 40, kila mtu 5,000, leteni kwenye simu yangu. SASA HIVI.

19:49 Zuhura: Watu 43 humu. Tiki za buluu naziona.

20:02 Pandu: Mashine imekufa, innalillahi. Maziko saa ngapi?

20:02 Zuhura: Mwalimu, sio wakati wake.

20:05 Haji: Tupo. Plagi imelowa, tumeifuta kwa fulana ya Vuai, wapi. Nanga haifiki chini. Tanga hatukuchukua, Makame alisema tanga mambo ya wazee.

20:06 Zuhura: Mnaona nini? KMKM, askari wa bahari, wanataka kujua mpo wapi hasa.

20:07 Haji: Taa ya mnara. Mwanzo ilikuwa kama sahani, sasa kama moto wa sigara.

20:09 Pandu: Kusi hili, mkondo unawapandisha juu. Kukicha mpo Panza. Mkiikosa Panza kwa magharibi, basi salimieni Mombasa.

20:10 Asha: Vuai hapokei. Wana maji?

20:12 Haji: Chupa moja na nusu. Ussi kanywa ya bahari kidogo.

20:13 Pandu: Asirudie! Figo haziwezi kuitoa chumvi ile mpaka zitumie maji mengi kuliko aliyokunywa. Atakauka kama dagaa.

20:14 Haji: Tumeshakubaliana, akizidiwa tunaanza naye. Ana mapaja. Kisu kipo, kibla ndo hatukijui.

20:15 Pandu: Kibla kaskazini, huko huko mnakopelekwa. Mnakwenda Makka bila nauli. Ila nyama ya Ussi haramu hata mkielekea sawasawa.

20:15 Asha: 😂😂

20:16 Asha: Sicheki. Nimebonyeza vibaya.

20:31 Haji: [Picha]

20:31 Haji: Maji yanaingia tezini, huku nyuma, tunayafua kwa zamu.

20:33 Zuhura: Haji.

20:33 Zuhura: Hicho mnachofulia maji ni nini?

20:34 Haji: Kisufuria tu dada.

20:35 Zuhura: Kisufuria! Sufuria la mkono mmoja, lina rangi nyekundu ya kucha chini ya ukingo. Rangi ile nimeitia mie. Arusi ya Mwanaidi mliapa barazani, mbele ya Babu Ame, hamjaliona kwa macho.

20:36 Makame: Tuliliazima.

20:36 Zuhura: MIAKA MINNE!

20:58 Mwanaidi: Salaam kutoka Maskati, ndo kwanza nafungua simu. Sufuria limeonekana? Alhamdulillahi.

21:10 Zuhura: Mpaka sasa 35,000. Juma Kombo, boti iliyobaki ni yako. Umesoma toka saa mbili.

21:12 Pandu: Boti ya Juma imekaa mchangani, maji yamekupwa. Haielei mpaka saa tisa usiku.

21:40 Haji: Jamani kuna jambo. Tumegawana maji, kila mtu kizibo kimoja. Vimetoka vizibo vitano.

21:41 Zuhura: Si mpo wanne?

21:41 Haji: Ndo nasema. Makame anasema ni Faki. Kakaa omo, kule mbele, kajifunika kanga.

21:43 Faki: Mie nipo kwangu nakula urojo.

21:43 Zuhura: Faki, 5,000 yako sijaiona.

21:44 Faki: Si nipo baharini? Aliyepotea naye anachangishwa?

21:44 Pandu: Hoja anayo.

21:46 Faki: Haji, kanga ya nani hiyo?

21:47 Haji: Hatukuchukua kanga. Hageuki. Makame kamwambia shika zamu, kashika. Anafua maji vizuri kuliko Ussi.

21:48 Asha: Haji acha upuuzi, watu tuna roho.

21:48 Haji: Wallahi. Vuai analia.

21:50 Pandu: Shetani Popobawa kapanda cheo! 1995 alikuwa wa majumbani tu, leo baharia 🦇

21:50 Zuhura: (Ujumbe huu umefutwa)

21:58 Babu Ame: Pandu nyamaza. Haji msihesabu tena mpaka kuche. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama mkondo huo huo tulitoka hapa kwenda kuokoa. Wazima niliwaweka tezi wengine omo. Niliwahesabu mara tatu mashua moja haikukaa sawa. Mpaka leo haijakaa. Mliye naye mpeni kizibo chake. Msimwite kwa jina la mtu aliye hai.

22:33 Faki: Nimetuma 10,000.

22:34 Juma Kombo: 👍

22:34 Zuhura: 👍 ya nini Juma? Ya kwenda, au unamjibu Babu?

22:50 Haji: Chaji asilimia 3. Taa ya mnara hatuioni tena. Tumempa.

22:50 Asha: Kanywa?

22:52 Haji: Kizibo kakirudisha kimejaa. Ussi kaonja. Hayana chumvi

23:20 Zuhura: Haji?

23:21 Zuhura: Tiki moja.

23:30 Zuhura: Jumla 85,000, bado 35,000. Juma anataka petroli kwanza, muuza petroli anataka pesa kwanza. Na nataka watu wawili wa kwenda na Juma. Majina.

23:32 Pandu: Mie nna skuli asubuhi.

23:41 Mwanaidi: Zuhura, mfuniko wa sufuria ninao mie huku. Nilikuja nao kwa makosa. Usiniseme.

00:05 Faki: Nitakwenda mie.

00:06 Asha: Faki usiende.

00:06 Asha: Nakuomba kaka'angu. Wewe usiende.

00:07 Zuhura: Sasa aende nani?

02:47 Juma Kombo: Maji yameshafika boti. Nipo pwani peke yangu. Nani anakuja?

02:48 Zuhura: Nakuja mie. Ya petroli tutamalizana kukicha.

02:49 Juma Kombo: Njoo na kitu cha kufulia maji, boti inavuja kidogo.

02:49 Zuhura: Nikitoe wapi, na sufuria wanalo wao?