Je, herufi AA kwenye pakiti ya kahawa ni kipimo cha ubora?

Mnywaji wa South B
Hamjambo nyote. Nilinunua pakiti mbili za kahawa iliyokaangwa katika duka moja hapa Nairobi, moja imeandikwa AA na nyingine AB, na bei ya ile ya kwanza ilikuwa ya juu kiasi cha kunifanya nitarajie makubwa. Nilipozinywa kwa zamu, bila maziwa wala sukari, niliona ya AB ndiyo yenye ule uchachu wa matunda ambao kahawa ya Kenya inasifiwa kwao, ilhali ya AA imepooza. Je, herufi hizo hupima ubora? Ikiwa sivyo, mnunuzi aangalie nini?

Mkoboaji Mstaafu
Ndugu, herufi hizo hupima ukubwa wa punje. Kahawa ikishakobolewa, hupitishwa kwenye machekeche yenye matundu ya vipimo mbalimbali, na punje zinazobaki juu ya matundu ya takriban milimita 7.2 ndizo huitwa AA, huku AB ikiwa mchanganyiko wa daraja A na B zinazofuata. PB ni punje moja ya mviringo iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya mbili, na TT ni zile nyepesi zilizopeperushwa na upepo wa mashine. Hadi hapo hakuna aliyeonja chochote. Ladha ni kazi ya waonjaji, na ndiyo sababu katika mnada wa Nairobi wanunuzi huonja sampuli kabla ya kutaja bei, na mafungu mawili ya AA yanaweza kuuzwa siku moja kwa bei zilizopishana sana.

Binti wa Nyeri
Mzee amesema kweli, ila nisingependa mtu adhani kwamba herufi ni bure kabisa. AA kwa kawaida huuzwa ghali kuliko madaraja mengine, na mti uliotunzwa vizuri huzaa punje kubwa zaidi. Hata hivyo, ladha hujengwa shambani na kiwandani: tunda lichumwe likiwa jekundu, limenywe siku hiyohiyo, kahawa ichachushwe, ioshwe, kisha ianikwe kwenye meza zilizoinuliwa. Ukichanganya matunda mabichi, uharibifu huo hauondolewi na chekeche lolote. Aina ya mti nayo ina uzito. Wazee wetu wameng'ang'ania SL28, iliyochaguliwa Kabete katika miaka ya 1930, ingawa inawagharimu fedha nyingi za dawa, wakati Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, huhimili magonjwa vizuri zaidi. (Ubishi wa ipi ni tamu zaidi hauishi nyumbani kwetu.) Kwa hiyo, muulize muuzaji kahawa imetoka kiwanda gani na ni ya msimu upi.

Mpwani wa Eastleigh
Kwetu Mombasa kahawa chungu huchemshwa na tangawizi, ikamiminwa kutoka kwenye dele, na sijasikia mteja akiuliza daraja lake. Wewe unayeinywa tupu, tafuta kwanza tarehe ya kukaangwa. Nunua punje nzima usage wakati wa kupika, kwa kuwa kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi mno. Gramu 60 kwa lita moja ya maji ni kipimo kizuri cha kuanzia, na maji yaepuliwe yatulie kidogo kabla ya kumiminwa.

Mnywaji wa South B
Nawashukuru sana. Nimezikagua upya: pakiti ya AB ina jina la kiwanda cha Kirinyaga na tarehe ya kukaangwa ya mwezi huu, lakini ya AA imeandikwa tu tarehe ya mwisho wa matumizi, ambayo ni mwaka ujao.

Mkoboaji Mstaafu
Tarehe ya mwisho wa matumizi haikwambii kahawa imekaa dukani muda gani tangu ikaangwe. Muulize muuzaji, na asipojua, endelea na ile ya AB.