Kodi ya mauzo kwenye maonyesho ya sarafu, California

Swali: Wakuu, nataka sarafu mbili za kale za dhahabu kwa muuzaji mmoja kwenye maonyesho Long Beach: moja dola 1,300, nyingine 900. Mimi ni mkazi wa Oregon. Kodi inakatwaje?

Jibu 1: Zilipie pamoja, risiti moja. Tangu 1 Januari 2023 California haitozi kodi kwa sarafu za wakusanyaji zikifika dola 2,000 kwa mkupuo mmoja. Zako ni 2,200, umepona. Zikihesabiwa kama mauzo mawili tofauti, zote zinakatwa: 7.25% ya jimbo, na juu yake nyongeza za eneo. Albamu na vikasha usivihesabu humo.

Jibu 2: Kuwa mkazi wa Oregon hakusaidii, mkuu. Ukikabidhiwa mezani, kodi, kama ipo, ni ya hapo hapo California. Muuzaji akikutumia nje ya jimbo, California haidai, ila jimbo unakoishi laweza kudai kodi ya matumizi, yaani kodi ya kitu ulichonunua nje bila kukatwa kodi (Oregon haina).

Jibu 3: Na cheti cha kununua kwa ajili ya kuuza tena, kile kinachomruhusu mfanyabiashara kununua bila kukatwa kodi, usikichezee. Ukikitoa, kisha sarafu ukaifungia kabatini, anayedaiwa kodi ni wewe.