Naomba ushauri: alama za lenzi hazionekani pichani

Wandugu, hapa Goma vumbi la volkeno linaingia hadi kwenye nyuzi za lenzi (ile mifereji ya kuzungushia, kama ya skrubu), kwa hiyo naandaa maelezo ya picha ya kusafisha Helios 44-2, lenzi ya zamani ya kamera. Kila skrubu nailaza kwenye karatasi, kando ya namba ya picha yake. Shida ni pale pete za fokasi zinapoachana: nyuzi zina mianzo kadhaa, yaani sehemu kadhaa ambapo pete zinaweza kuanza kushikana, na ukirudishia kwenye mwanzo usio wake, vitu vya mbali havitakaa tena kwenye fokasi. Picha hiyo ndiyo muhimu kuliko zote! Lakini alama niliyokwaruza kwa sindano kuonyesha pete zilipoachana haionekani. Flashi inang'aa tu juu ya chuma. Mwanga wa dirisha kutoka ubavuni umesaidia kidogo. Je, nijaze mkwaruzo rangi nyeupe, au nitandaze mwanga kwa karatasi nyembamba? Na mafuta kwenye zile bapa 8 nyeusi za ndani, zinazopanua na kubana tundu la mwanga, mnayapigaje picha yaonekane?