Ushauri: Nawezaje kuvaa kwa uhuru kama Bella Hadid nikiwa mwajiriwa wa mshahara mdogo?

Nuru_Dom:
Ndugu wanajamvi, natumaini mu wazima. Mimi ni binti wa miaka 24, nimeajiriwa katika ofisi ya uhasibu hapa Dodoma na ninaishi na mama yangu mzazi. Ninavutiwa mno na uvaaji wa Bella Hadid, mwanamitindo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1996. Sizungumzii nguo anazovishwa jukwaani, kama lile gauni jeupe la Coperni lililopuliziwa mwilini mwake mjini Paris Septemba 2022, bali zile anazotoka nazo mtaani. Amewahi kueleza kwamba kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kumchagulia mavazi, nami nikitazama picha zake ninaamini, kwa maana mwaka huohuo alitembea New York akiwa amevaa bukta nyeupe ya kiume, koti la ngozi na buti fupi za manyoya. Huvaa sketi juu ya suruali, hufunga tai, huvaa miwani ya mstatili yenye fremu nyembamba, na vitu hivyo visivyo na undugu hupatana vikiwa mwilini mwake.

Natamani uhuru huo, lakini kipato changu ni kidogo, ofisini kuna taratibu za mavazi ambazo hazijaandikwa ila kila mtu anazijua, na mama anaamini kwamba anayechanganya nguo ovyo hajiheshimu. Nianze na nguo ipi, na nitajuaje kwamba mchanganyiko umekubali?

Mzee_Uyui:
Binti yangu, huyo ni mrefu, mwembamba na ana fedha. Hata gunia angelivaa lingempendeza. Vaa nguo zinazokufaa wewe.

Fundi_Ilala:
Kwa heshima zote, mzee wangu, sikubaliani nawe, kwa sababu kinachombeba Bella mara nyingi ni vipimo, na vipimo hurekebishika kwa mwili wowote. Dada Nuru, tafuta picha za onyesho la Saint Laurent la Septemba 2024 mjini Paris. Najua umesema huzungumzii jukwaa, lakini pale alivaa suti pana ya kiume, shati, tai na miwani, mavazi ambayo hata mhasibu anaweza kuingia nayo kazini, na yanafundisha jambo moja kubwa: nguo ikiwa kubwa ni lazima ionekane kwamba imekusudiwa kuwa kubwa. Ukinunua koti la kiume la mtumba, kagua mabega kabla ya kitu kingine chochote, kwani kubomoa bega ni kufungua mkono, bitana na pedi yake, na gharama ya fundi inaweza kuzidi bei ya koti lenyewe. Bega liachwe lipitilize kidogo kama kitambaa ni kizito na kinasimama, ila mikono ipunguzwe iishie kwenye kifundo, na suruali ipindwe ili kiatu kionekane. Mikono ikifunika vidole, watu watasema umeazima nguo. Kifundo kikionekana, watajua umechagua.

Mama_Belo:
Mimi nauza mitumba, kwa hiyo nitasema kuhusu fedha. Wasichana wengi wakifika soko la Karume, Dar es Salaam, huenda moja kwa moja kwenye meza za magauni na blauzi, ambako bei hupanda kwa sababu wateja ni wengi. Wewe nenda kwenye tai, fulana za ndani za wanaume, mikanda mipana, soksi ndefu na vizibao vya sufu, vitu ambavyo muuzaji huviacha chini ya belo kwa kukosa mnunuzi. Hapo Dodoma pia minada haikosi vitu vya aina hiyo. Usitafute nembo. Tafuta kitambaa kizuri na rangi ambayo huna nyumbani, na usinunue kitu usichoweza kukivaa na angalau nguo mbili ulizo nazo tayari.

Bi_Salma_Mvita:
Mwanangu Nuru, naona mama yako amesahauliwa katika majibu haya, ilhali ndiye utakayeonana naye kila asubuhi. Bukta usianze nayo. Anza na sketi juu ya suruali, kwa sababu sisi wa pwani tumeizoea gauni juu ya suruali kwa jina la punjabi, na hakuna mzazi atakayesema vazi hilo halina heshima. Vaa suruali nyembamba nyeusi, sketi ya kitenge inayovuka goti, shati jeupe la kazini, basi. Kitu kimoja tu kiwe cha kushangaza na vilivyobaki viwe vya kimya.

Jambo la pili ndilo nililolipenda zaidi kwa msichana huyo. Mei 2024, akiwa Cannes, alivaa gauni jekundu na jeupe lililoshonwa kwa kufia, kile kitambaa cha kichwani cha Wapalestina, kazi ya wabunifu Michael na Hushi, na sote tunajua kwamba baba yake ni Mpalestina. Hakwenda mbali kutafuta upekee, aliuchukua kwao. Vilevile aliporudi kwenye farasi huko Texas, wanyama aliowapanda tangu utotoni, kofia na buti za wachunga ng'ombe zikaingia katika mavazi yake. Ukimwiga kwa kununua miwani kama yake, utakuwa na miwani tu. Fungua sanduku la mama yako, umwombe akuonyeshe alivyovaa alipokuwa na umri wako.

Nuru_Dom:
Bi Salma, shikamoo, na nawashukuru nyote. Nimezungumza na mama, naye amenitolea doti ya khanga ya zambarau ambayo hajawahi kuikata. Amekubali nishonewe tai kutokana na kipande kimoja, niivae na shati la kazini. Fundi, je, khanga itasimama kama tai, au italegea?

Fundi_Ilala:
Peke yake italegea. Mwambie fundi wako aikate kwa mshazari ili fundo likae vizuri, aweke ndani kitambaa cha kukazia kisicho kizito, na asiliweke pindo la khanga shingoni bali kwenye ncha ya chini, pale rangi zitakapoonekana. Kipande cha pili kisikatwe bado. Tai ikikubali, kitafaa kuwa bitana ya koti.