Mrejesho: patisheni (sehemu za diski) zimerudi

Wakuu, ile diski niliyoombea msaada, iliyoonekana tupu baada ya zana ya mfumo endeshi kukwama ikipunguza ukubwa wa patisheni, imepona! Aliyesisitiza niinakili nzima kwanza na nifanye kazi kwenye nakala, Mungu ambariki. Kumbe GPT (mfumo wa kurekodi patisheni za diski) huweka jedwali la akiba, yaani nakala ya orodha ya patisheni, mwishoni kabisa mwa diski, na la kwangu lilikuwa zima. Kwenye gdisk (programu ya kurekebisha patisheni) niliingia menyu ya r (ya uokoaji), nikabonyeza b kujenga upya hedi kuu (maelezo ya mwanzo ya GPT), c kupakia jedwali la akiba, v kuhakiki, ndipo w kuandika. Patisheni ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) bado iligoma kufunguka. Fsck (programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa mafaili) ikainyoosha, ila mafaili kadhaa yametupwa kwenye folda ya lost+found yakiwa na namba badala ya majina. Nayafungua moja moja kuyatambua. Asanteni sana.