Mwanafunzi anazunguka hewani kabla ya kufungua parachuti

Mwanagenzi wa Likoni: Wakuu, mwanafunzi wa kuruka kwa parachuti, mkufunzi akishamwachia tu hewani, anaanza kuzunguka kushoto. Sasa hata kupanda ndege anaogopa. Tatizo ni mikono?

Fundi wa Nyali: Mara nyingi ni miguu, ndugu. Goti moja likikunjika kuliko lenzake, upepo unasukuma upande mmoja zaidi na mwili unageuka. Miguu yake haioni, ndiyo maana analaumu mikono. Asukume nyonga chini, ainue kidevu, anyooshe vidole vya miguu mpaka ahisi upepo ukigonga miundi yote miwili sawasawa. Kisha atoe pumzi ndefu. Mwili uliokakamaa huyumba, na kwa kasi ya kama kilomita 190 kwa saa kosa dogo la mkono linatosha kumzungusha.

Mama Kisauni: Umesahau altimita, kile kipimo cha kimo, mwanangu! Asome kimo kwanza, mkao baadaye. Asipotulia ndani ya sekunde 5 hivi, afungue parachuti. Akifika kimo alichopangiwa, wanafunzi wengi ni futi 5,500, afungue hata kama bado anazunguka. Hatari kubwa ni kung'ang'ania kutulia huku kimo kinaisha.

Mwanagenzi wa Likoni: Shukran mama. Na woga je?

Mama Kisauni: Alale kifudifudi kwenye benchi, arudie mkao, kusoma altimita na kushika mpini wa kufungulia parachuti mpaka mkono ujiendee wenyewe. Halafu aombe mruko wenye kazi moja tu: kutulia. Kugeuka na mbwembwe nyingine zingoje.